Matuta, rasta na vibao vya 30: tathmini ya dereva wa gari la shule, Yombo

Kati ya vitu vyote vilivyowekwa barabarani mtaani kwetu ili kupunguza mwendo wa magari, kimoja tu ndicho ninachoweza kumshauri mwenyekiti wa mtaa mwingine akiombe bila kusita: kivuko kilichoinuliwa. Vingine vina faida kidogo, vingine vina hasara, na kuna kimoja ambacho mimi ningepewa sururu ningekiondoa kesho asubuhi. Naendesha Hiace ya shule. Alfajiri nakusanya watoto Yombo na Tandika, mchana nawarudisha, na kabla ya kazi hii niliendesha daladala kwa miaka mingi. Kila tuta la upande huu nalijua kwa klachi na breki, najua lipi linavunja shokapu na lipi linamfanya dereva apunguze mwenyewe bila kutukana.

Naandika kwa ajili ya wazazi, wenyeviti wa mitaa na madereva wenzangu, kwa sababu mjadala wa mwendo wa kilomita 30 kwa saa mijini umefika na kwetu, na watu wengi wanaujadili kama vile matuta yote ni kitu kimoja. Siyo kitu kimoja hata kidogo.

Kwanza tuelewane tatizo limetoka wapi. Mitaa hii ilikuwa ya vumbi na mashimo. Mvua za masika zikianza, bodaboda anashuka anasukuma, bajaji inapita pembeni kwa pembeni ikitafuta pa kukanyaga. Hakuna aliyehitaji tuta. Kisha ukaja mradi wa DMDP, wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaweka lami, mifereji na taa kwenye mitaa mingi ya Temeke, Ilala na Kinondoni. Naushukuru mradi ule kwa moyo wote. Watoto wangu hawafiki tena shuleni na viatu vya tope, na mgonjwa anatoka ndani ya mtaa usiku kwa gari badala ya kubebwa. Lakini lami laini inavuta mguu wa dereva. Mtaa ambao gari lilikuwa linatambaa umegeuka njia ya mkato ya wanaokimbia foleni ya barabara za Nyerere na Mandela. Nyumba hazikusogea. Milango inafunguka palepale barabarani, genge liko palepale, saluni ipo, madrasa ipo. Kilichobadilika ni spidi tu.

Na spidi hiyo ni halali. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Dereva anayepita mbele ya mlango wa madrasa kwa 50, watoto wakitoka, hajavuka kikomo chochote cha mwendo.

Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu. Wanadhani 30 na 50 zinatofautiana kidogo, kwa kuwa ukiwa ndani ya gari hamsini unaiona pole. Fanya hesabu hii na mimi. Jicho likiona mtoto ametokeza, inapita kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Katika sekunde hiyo gari la 30 linakwenda mita nane hivi, kisha kwenye lami kavu linahitaji kama mita tano kusimama. Jumla mita 13. Gari la 50, katika sekunde hiyohiyo moja, limeshakwenda karibu mita 14, na breki bado haijaguswa. Maana yake ni kwamba pale ambapo dereva wa 30 ameshasimama na anamtazama mtoto akiokota mpira wake, dereva wa 50 anampiga mtoto huyo kwa 50 kamili. Mimi nilipofanya hesabu hii kwenye daftari la mahudhurio ya watoto, nikarudia mara ya pili kwa sababu sikuamini.

Sasa tuingie kwenye vitu vyenyewe.

Kibao cha 30 peke yake nakipa nyota moja. Tunacho kimoja karibu na shule ya msingi, kipya, cha duara chenye ukingo mwekundu, kimesimikwa vizuri. Tangu kiwekwe sijaona gari lililopunguza kwa ajili yake, isipokuwa magari yenye wanafunzi wa udereva. Nyota hiyo moja ni kwa sababu mtu akigonga, kibao kinasaidia kwenye maelezo ya polisi. Kibao kinamwambia dereva afanye nini, lakini barabara iliyonyooka na pana inamwambia kitu kingine, na dereva husikiliza barabara.

Pundamilia waliopakwa rangi kwenye lami tambarare, bila tuta, bila taa, hao nawaogopa. Mtoto amefundishwa darasani kwamba pale ni pake. Anafika, ananyoosha mkono, anavuka. Dereva hajui kama kuna pundamilia kwa sababu rangi imefutika nusu na vumbi limefunika nusu nyingine. Yule aliyeambiwa ana haki anaitumia haki yake mbele ya mtu asiyejua kama haki hiyo ipo. Ni bora kivuko hicho kisiwepo kabisa kuliko kuwepo hivyo.

Rasta, zile tuta ndogondogo zilizopangwa kwa mistari, nazipa nyota mbili. Zinaamsha dereva aliyechoka kwenye barabara kuu, na huko ndiko kwao. Ndani ya mtaa hazifai. Anayeishi karibu nazo anateseka: kila lori la mchanga linalopita usiku linanguruma kitandani kwake. Mzee mmoja mwenye nyumba jirani na rasta aliniambia ukuta wake umeanza kupasuka, na nilipouangalia nyufa nilizikuta. Halafu madereva wamezijua. Ukizipita polepole zinakutikisa meno, ukizipita kwa kasi gurudumu linarukia juu juu na husikii kitu. Kwa hiyo wanaongeza gesi.

Ugonjwa huohuo ndio unaolitesa tuta jembamba, na hili ndilo ningeliondoa kwa sururu. Ni lile tuta la mgongo mkali, upana wake kama hatua moja ya mtu mzima, limemwagwa zege na kulainishwa kwa mwiko. Mengi yamejengwa na wananchi wenyewe baada ya mtoto kugongwa, na sina neno la kuwalaumu. Mtu akishaona damu ya mtoto wa jirani kwenye lami haendi kusoma viwango vya barabara, anachukua koleo. Lakini kazi lazima tuiseme ilivyo. Tuta jembamba linamuadhibu aliyepunguza mwendo na kumwachia aliyekimbia. Ukilipita kwa kumi linakupiga mgongo, gari dogo linagonga chini, mjamzito kwenye bajaji anashika tumbo. Ukilipita kwa hamsini na gari lenye springi ngumu, linatingisha mara moja tu na limekwisha. Vijana wa bodaboda wanalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Na bodaboda ana njia nyingine tena. Tuta la mtaani kwetu haliufikii ukingo. Fundi aliacha nafasi ya kama futi mbili kila upande ili maji ya mvua yapite kwenda mtaroni, wazo zuri kabisa kwa maji. Lakini nafasi hiyo ndiyo upana wa pikipiki. Ukisimama pale saa mbili kasorobo asubuhi utaona mwenyewe: bodaboda anakuja kasi, anafika kwenye tuta, hapunguzi, anakata kushoto, gurudumu linapita kwenye ile nafasi, bega lake linapita juu ya njia wanayotembea watoto. Siku moja nimesimamisha Hiace kushusha mtoto, mkono wangu uko kwenye mlango wa kuburuza, nikamvuta mtoto ndani kwa kamba ya begi. Pikipiki ilipita palepale alipokuwa anaweka mguu. Kijana hakuwa mlevi wala hakuwa mkorofi, alikuwa anawahi abiria. Barabara ilimpa njia, akaitumia.

Nilipomfuata kijiweni aliniamkia kwa heshima. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Kwa nini usipite juu ya tuta?" "Mzee, nina abiria wangu, mama mwenye maumivu ya mgongo. Nikimpitisha pale juu hapandi tena pikipiki yangu." Nililiangalia lile tuta, nikaona kijana anasema kweli. Tuta baya limemfundisha njia mbaya.

Nyota? Sifuri. Na nasisitiza kwamba sifuri hiyo ni ya tuta, haiwahusu wananchi waliolijenga.

Tochi za trafiki, vile vifaa vya askari vya kupima mwendo, nazipa nyota tatu. Zinafanya kazi kwa sababu faini inauma, elfu thelathini siyo hela ya kuchezea kwa mtu wa daladala. Askari akiwepo, barabara yote inatulia. Akiondoka, imekwisha, na hata akiwepo madereva wanawashiana taa kupeana habari kilomita nzima kabla. Zaidi ya hapo, tochi iko barabara kuu. Sijawahi kuiona ndani ya mtaa ambako watoto wenyewe wanatembea. Askari hawezi kukaa kila kona ya Temeke, na mimi simdai akae.

Kuna pia wale wanafunzi wanaovaa vizibao vya njano na kushika kibao cha SIMAMA asubuhi ili wenzao wavuke. Sitawapa nyota, maana hii siyo kazi yao. Nawaheshimu, nasimama kila mara, na madereva wengi wanasimama. Lakini ni watoto wa darasa la sita wanaosimamisha malori ya tani nyingi kwa kipande cha bati. Wanapaswa kuwa mstarini wanaimba wimbo wa taifa.

Kivuko kilichoinuliwa ndicho kinachopata nyota tano. Hiki chetu kiko mbele ya shule ya msingi, na kimejengwa kitaalamu. Ni tuta bapa: juu tambarare kama meza, pana kiasi cha watoto watano kuvuka sambamba, na kila upande wa kuingilia gari una mteremko wa mita moja hivi. Kimo chake ni kama sentimita kumi, sawa na kimo cha ukingo wa njia ya miguu, kwa hiyo mtoto hashuki barabarani. Anatembea usawa uleule kutoka njia ya miguu hadi upande wa pili, na gari ndilo linalopanda kwake. Kwenye miteremko kuna pembetatu nyeupe zinazoonekana kwa mbali, na juu kuna pundamilia.

Ukikipita kwa 25 au 30 gari linanyanyuka polepole na kushuka polepole, watoto nyuma hawaamki. Ukikipita kwa 50 kila kilichomo ndani kinaruka, na utakipita hivyo mara moja tu katika maisha yako. Hakina nafasi pembeni kwa sababu kinaanzia ukingo hadi ukingo, na maji wameyapitisha kwa bomba chini yake. Kwenye njia ya miguu wamesimika nguzo fupi za zege, zimeachana kiasi cha mtu kupita na pikipiki kushindwa. Bodaboda wote wanapita juu, polepole, mama mwenye mgongo hata halalamiki. Mama muuza maandazi amehamisha meza yake hapo kwa sababu, anasema, ndipo mahali pekee anapoweza kumpa mteja chenji bila kuangalia nyuma.

Fundi mmoja wa barabara aliniambia kwamba hata tuta la mviringo la kawaida linafanya kazi hiyohiyo likiwa refu vya kutosha: kama mita 3.7 kutoka linapoanzia hadi linapoishia, kimo sentimita kumi. Kinachotakiwa ni urefu, ili magurudumu ya mbele na ya nyuma yapande kwa utaratibu. Tuta la hatua moja na tuta la mita karibu nne yana jina moja na hayana undugu.

Sifa ya kivuko hiki haikutoka kwangu tu. Hapa hapa Dar es Salaam shirika la usalama barabarani la Amend lilianzisha mpango unaoitwa SARSAI. Wanachagua shule ambazo watoto wake wanagongwa zaidi, wanafuata njia ambazo watoto wanapita kwa miguu kutoka nyumbani, kisha wanajenga vitu vidogo visivyo na gharama kubwa: njia ya miguu, tuta, kivuko, nguzo, alama, na wakati mwingine wanahamisha geti la shule lielekee mtaa uliotulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliolinganisha shule za Dar zilizofanyiwa kazi hiyo na ambazo hazijafanyiwa, ulikuta majeruhi wamepungua kwa asilimia 26. Mwaka huohuo mpango ukashinda tuzo ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute, dola 250,000, mbele ya washindani kama Medellín na nyaya zao za kubeba abiria angani, na Durban na soko lao la Warwick. Matuta na vivuko vya shule za uswahilini vilishinda hayo yote. Nashangaa ni watu wangapi wa Dar wanajua jambo hili.

Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano wa mtaa, na ajenda ilikuwa kuomba mtaa mzima uwe wa 30, pamoja na vivuko vingine viwili vya aina hii. Nilidhani litapita kwa makofi. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi.

Kijana mmoja mwenye gari dogo, mfanyakazi wa Posta, alisimama kwanza. Alisema serikali imetumia mabilioni kutuwekea lami, sisi tunataka kuirudisha kuwa vumbi kwa matuta. Alisema anatoka saa kumi na moja na nusu na bado anachelewa. Hoja yake niliipigia hesabu palepale na kumwambia mbele ya watu. Kutoka kwetu mpaka barabara kuu ni kama kilomita mbili. Kwa 50 bila kusimama popote, jambo lisilowezekana, ni dakika mbili na nusu. Kwa 30 ni dakika nne. Anapoteza dakika moja na nusu. Taa za Buguruni peke yake zinamla zaidi ya hapo kabla hajabadilisha gia. Foleni anayoilaumu iko Mandela, haiko mbele ya shule yetu.

Mama mmoja wa makamo, anayeuza mkaa, alimgeukia yule kijana na kumwambia taratibu, "Mwanangu, hizo dakika zako nakupa mimi. Nitakuamsha." Watu walicheka, kijana naye akacheka, lakini hakubadili msimamo, na ni haki yake.

Hoja iliyonifikirisha ililetwa na muuguzi wa zahanati. Aliuliza kuhusu mjamzito aliyeshikwa na uchungu, na gari la zimamoto. Swali zito, na anayelipuuza hajawahi kumbeba mtu usiku. Jibu langu ni kwamba mgonjwa anaumizwa na tuta jembamba, na hayo tunayo tayari. Kivuko bapa kinapitika kwa 25 bila kumtikisa aliyelala. Tukiyabomoa yale ya zege na kuweka machache yaliyojengwa vizuri, mjamzito atasafiri vizuri kuliko sasa. Muuguzi alikubali kwa sharti kwamba kusiwe na tuta kati ya geti la zahanati na barabara kuu, na tuliliandika hilo kwenye muhtasari.

Hoja nyingine ilikuwa vibaka. Gari likipunguza usiku, mkono unaingia dirishani, simu imekwenda. Hili ni kweli na limemtokea abiria wangu enzi za daladala. Lakini angalia linatokea wapi: kwenye tuta lililo gizani. Kivuko chetu kiko chini ya taa ya barabarani, mbele ya meza ya maandazi na kijiwe cha bajaji, na pale sijasikia aliyekwapuliwa. Kwa hiyo ombi la tuta ni ombi la taa pia. Ukipewa tuta bila taa umepewa nusu.

Mzee mmoja alisema haya mambo ya 30 ni ya Ulaya, wenye barabara zao nzuri. Kule Ulaya kwenyewe wanabishana kama sisi. Paris waliweka 30 karibu mji mzima mwaka 2021, Brussels mwaka huohuo. Wales walishusha mwendo wa mitaa ya makazi kutoka maili 30 hadi 20 mnamo Septemba 2023, yaani kutoka kilomita 48 hadi 32 hivi, na watu karibu laki tano wakatia saini ombi la kupinga, ombi kubwa kuliko yote kuwahi kupelekwa kwenye bunge lao. Serikali ikaruhusu halmashauri zirudishe baadhi ya barabara kwenye mwendo wa zamani. Lakini idadi ya wanaoumia kwenye mitaa hiyo ilishuka, na sheria ikabaki. Helsinki, ambako zaidi ya nusu ya mitaa ni ya 30, walimaliza mwaka mzima hadi Julai 2025 bila mtu hata mmoja kufa kwa ajali ya barabarani. Mji mzima. Sisi tuna sababu kubwa zaidi yao, maana watoto wao wengi wanapelekwa shule kwa gari au basi, wetu wanatembea. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko kitu kingine chochote. Mtoto wa miaka mitano ndiye abiria wangu wa kiti cha mbele.

Kuhusu huduma ya ofisi ya kuomba vitu hivi, siwezi kuipa alama nzuri. Tulipopeleka ombi la nguzo za kuziba ile nafasi ya bodaboda, karani alituambia tuandike barua upya kwa sababu tumeandika "vizuizi" na siyo jina wanalolitumia wao. Tuliandika upya. Barua ya pili ikapotea, ya tatu ikagongwa muhuri. Mpaka leo nguzo hazijaja, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi amejitolea saruji endapo tutaruhusiwa kuzisimika wenyewe. Kibali ndicho tunachosubiri.

Kwa hiyo kama mtaa wako unajiandaa kuomba, nakushauri hivi. Usiombe "tuta", maana ukiomba tuta utapewa lolote. Omba kivuko kilichoinuliwa mbele ya shule, na tuta refu la mita karibu nne sehemu nyingine. Taja kwamba lianzie ukingo hadi ukingo na maji yapite chini kwa bomba. Omba nguzo kwenye njia ya miguu, omba taa, omba alama ya tahadhari mita kadhaa kabla ili mgeni asilivamie usiku. Omba kibao cha 30 vilevile, maana kibao kikikaa mbele ya tuta zuri kinaanza kuheshimiwa. Waite bodaboda na bajaji kwenye mkutano kabla ya kuandika barua, wao wanajua kila mwanya, na wakishirikishwa mapema wanakuwa walinzi wa kitu hicho. Na ulizia nani atapaka rangi upya.

Hilo la rangi ndilo linaloipunguzia nyota yangu ya tano nusu, kama nitasema haki. Pembetatu nyeupe za kivuko chetu zimeanza kufifia upande wa kutokea Davis Corner, na jioni jua likiwa usoni dereva mgeni hazioni. Juzi teksi moja ilipanda pale kwa kasi mpaka bampa ya mbele ikadondoka. Hakuna aliyeumia. Ndoo mbili za rangi ya barabarani zingetosha, na wazazi wa watoto ninaowabeba wameshaanza kuchanga.